Siku Arobaini za Bwana Devkar

Jumamosi, 3 Machi 2001
Maman Laurence, mwenye sinema na mwenye jenereta, amenipa kaye hii niandike filamu tunazoonyesha, tusiwarudishie watu ileile mara mbili kwa juma moja. Nimeandika filamu ya leo kwenye jalada. Ndani nitaandika mengine.

Mvua tangu saa nane. Ukumbi wetu ni wa mbao na mabati, na mvua ikipiga hata mikro haisaidii. Nimefasiri filamu kwa kupiga kelele mpaka koo likawa kama barabara ya malori ya simenti.

Jumanne, 6 Machi
Matope. Watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa mbuzi.

Jumapili, 11 Machi
Leo tumeonyesha ile ya Kihindi ambayo watu wa hapa Muganza wanaiita "ya gare". Mwanamke anamngoja bwana yake kwenye stesheni ya gari moshi. Kila gari likifika anasimama, kila gari likiondoka anaketi, na muziki wa filimbi unapigwa. Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni.

Kihindi sikijui. Niliacha shule mwaka wa nne kule Bukavu, na waliobaki hawakufundishwa Kihindi pia. Ninaangalia nyuso za wachezaji, ninasema wanachostahili kusema. Sehemu moja tu ndiyo ninayoisoma bila kutunga: majina ya mwanzo, kwa kuwa yameandikwa kwa herufi zetu. Likifika la mtunzi wa muziki ninalivuta kwenye mikro: "Muziki, Harilaaal Devkar!" na ukumbi mzima unajibu "Papa!" Imekuwa hivyo tangu mwaka juzi.

Filimbi ikianza mimi naendelea kusema. Mfasiri akinyamaza, watu wanadhani jenereta imekufa. Ninamsemea yule mwanamke: "Atakuja. Nimeambiwa ameonekana. Atakuja." Halafu kaseti inakwisha kabla ya filamu, maana filamu ni ndefu na kaseti ni fupi. Skrini inabaki michele-michele, nukta nyeupe tupu, nami ninasimama mbele yake ninamaliza mwenyewe: gari la mwisho limefika, bwana ameshuka na sanduku. Watu wanaipigia makofi michele.

Maman Drocella alikuwa kwenye kiti chake cha tatu, karibu na nguzo. Hakosi hii. Kwenye filimbi anafumba macho.

Jumapili, 18 Machi
Redio ya mbali, taarifa ya habari ya Kiswahili, saa sita. Bei ya mafuta, mkutano wa amani, halafu: mtunzi mashuhuri wa muziki wa filamu za Kihindi, Harilal Devkar, amefariki. Walisema jina sawasawa na mimi, ila bila kulivuta.

Kwanza nilifurahi kwamba nilikuwa nikilitamka vizuri. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya filamu niliwaambia kwenye mikro. Gratien, wa zamu ya asubuhi kwenye kiwanda cha simenti, alisimama akavua kofia. "Papa Kalisa, usicheze na ile maneno."
"Redio imesema."
"Redio gani?"
"Ile ya saa sita."
"Ah! Ile haibongopake, inasemaka kweli." Akaketi, kofia magotini.

Jumatatu, 19 Machi
Kilio kimewekwa uani kwa Maman Laurence. Konseye, mkubwa wa sekta, amekataa mambo ya usiku kwa ajili ya usalama, kwa hiyo tunalia kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili, kama ofisi.

Kulikuwa na mikeka, moto, viazi, na kiti cha marehemu. Picha yake hatuna. Tumeweka jalada la kaseti yenye jambazi mwenye ndevu, maana Gratien amesema mtunzi hawezi kukosa ndevu. Wanawake wa soko wakifika wanamwinamia jambazi, wanakaa, wanasema alikuwa na uso wa huruma.

Nilicheka moyoni. Halafu Maman Drocella akaingia.

Hajawahi kulia mbele yetu. Tangu Agosti ya tisini na nane, vita ilipoanza ng'ambo ya mpaka na Gasana bwana yake akiwa huko na lori la mchele, hajalia. Hakuweka kilio, hakuvaa kitambaa. Leo ameketi mbele ya jambazi na kulia kama mtu anayetapika, kwa shida, kwa kushika tumbo. Wanawake walimshika mabega: "Ihangane, Drocella, vumilia." Maman Laurence aliniangalia. Nikaangalia viazi.

Alhamisi, 22 Machi
Ugomvi wa siku. Gratien anataka tuondoe kilio siku ya nane, kama wazee wetu. Balagizi, anayetuletea kaseti kutoka Bukavu kupitia Kamanyola, amekataa.
"Siku munane? Huyu ni kuku? Kwetu ni makumi ine!"
"Kwenu ni wapi? Marehemu ni Muhindi."
"Basi hesabu za Bahindi unazijua?"
Hakuna aliyezijua. Tumechukua arobaini: Ijumaa, 27 Aprili. Siku hiyo tutaonyesha ya gare, na Balagizi ataitafutia kopi mpya huko mjini, nzima, yenye mwisho wake.

Jumapili, 25 Machi
Nimekutana na Drocella akishuka kutoka Nzahaha na mikungu miwili ya ndizi kichwani. Shingo imeingia mabegani. Nikamwambia, kwa wema wangu wa mdomo, kwamba baiskeli ya Gasana ingemsaidia. Inaning'inia kwenye paa la nyumba yake, matairi amejaza upepo, mnyororo ameupaka mafuta.
"Ile ni ya mwenyewe. Akirudi aikute imetumika?"
"Lakini Maman, ulilia vizuri juzi. Watu wanasema pengine sasa..."
"Pengine nini? Yule wa filimbi redio ilisema amekufa. Wangu iko Kindu. Si weye njo ulinipasha?"

Akaenda zake. Maji ya ndizi yalikuwa yakimtiririka shingoni.

Sasa nalazimika kuandika.

Septemba ya tisini na nane alikuwa akikaa kila siku kwenye kizuizi cha mpaka, anauliza kila anayevuka: mumeona Gasana? Mumeona lori ya bleu? Nilivuka mara tatu nikaulizwa mara tatu. Mara ya nne nilimwona toka mbali, na nilichoka mapema. Nikamwambia kuna dereva mmoja amemwona mbali huko, mjini Kindu. Hilo tu. Nilitaka alale usiku mmoja, na mimi nivuke bila kuulizwa.

Akalala. Lakini asubuhi akaja kuuliza anafanya nini Kindu. Nikasema anauza samaki. Mwezi uliofuata: afya yake? Nikasema anachechemea kidogo. Amevaa nini? Nikampa kofia. Nilikuwa nimeanza kazi ya ufasiri wakati huo, maneno yalikuwa mepesi. Nadhani ile "ameonekana, atakuja" ya kwenye filimbi niliitoa kwake, au yeye aliitoa kwangu. Sijui tena nani alimwibia nani.

Jumatano, 28 Machi
Mvua. Hakuna umeme wala watu.

Jumamosi, 7 Aprili
Juma la maombolezo ya waliouawa mwaka wa tisini na nne. Sinema imefungwa, redio hazipigi muziki. Tumekwenda uwanjani wote. Utani haumo leo.

Jumatano, 11 Aprili
Watu wametaja majina ya wafu wao. Mzee mmoja alitaja tisa, akasahau la kumi, akasimama pale mpaka likamjia. Wote tulingoja.

Kurudi nilitembea nyuma ya Drocella. Alinisubiri kwenye daraja la mfereji wa mpunga.
"Umebaona, Papa Kalisa? Bale bote banajua yabo. Banajua wapi na siku gani. Miye peke yangu njo sijue hata nilie ao nipike."
Nikakohoa. Miaka mitatu ninalipwa kwa kusema bila kupumzika, na kwenye daraja lile nilikohoa.

Jumapili, 15 Aprili
Pasaka. Padri amesema jiwe liliondolewa. Nimekula nyama kwa Maman Laurence.

Alhamisi, 19 Aprili
Balagizi amekuja na kaseti mbili zimefungwa kwenye mfuko wa unga. "Ni ya gare yenyewe, nzima, toka duka la Muhindi wa Bukavu. Tena Muhindi amenishangaa. Nimemwambia tuko na kilio ya Devkar, akasema, Devkar ni wa nini hapo?"
"Alimaanisha nini?"
"Nitajua? Nilikuwa ninaangalia mvua."

Ijumaa, 20 Aprili
Nimeziangalia peke yangu asubuhi, mlango umefungwa.

Mwanzo ni tofauti. Kwenye kaseti yetu kuna arusi ya dakika kumi, ambayo siku zote nimeifasiri kama ndoto ya yule mwanamke. Kwenye hii hakuna arusi. Kuna majina, na kwenye muziki limeandikwa jina jingine, refu, lenye herufi ambazo sijui ziingie wapi. Nikaelewa. Mtu fulani aliinakili ya gare juu ya filamu nyingine, na kichwa cha ile ya zamani kikabaki. Devkar alitunga muziki wa arusi. Filimbi si yake.

Kwa hiyo: siku thelathini na tatu tunamlilia mgeni, na amewakilishwa na jambazi.

Ningecheka. Lakini kulikuwa na kaseti ya pili, ile yenye mwisho.

Gari la mwisho linafika. Abiria wanashuka wote. Bwana hashuki. Mzee wa stesheni anamwambia yule mwanamke maneno machache. Nimesoma uso wa yule mzee, na kwa mara ya kwanza sikuhitaji kutunga. Mwanamke anavua bangili, anaziweka kwenye benchi. Chakula alichokuwa akibeba kila siku anampa mtu aliyelala pale. Anaondoka kwa miguu kwenye njia ya reli, na filimbi inapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho, muda mrefu, hakuna anayesema juu yake. Ndipo nilipojua ina sehemu ya pili. Sikuwahi kuisikia. Nilikuwa juu yake nikiongea.

Nimezima jenereta nikakaa gizani saa nne ya asubuhi.

Jumamosi, 21 Aprili
Nimewaza kuonyesha kaseti ya zamani na kusema mpya imeharibika. Balagizi angekasirika, yangekwisha.

Jumapili, 22 Aprili
Nimewaza kuonyesha mpya mpaka kabla ya gari la mwisho, halafu nijikwae kwenye waya wa jenereta.

Nimepima waya. Unafika.

Jumatatu, 23 Aprili
Nimekwenda kwa Drocella saa nne. Alikuwa anachagua maharagwe mlangoni, baiskeli juu ya kichwa chake.

"Maman Drocella, ile maneno ya Kindu."
"Umesikia ingine?" Alisukuma kigoda kwa mguu nikae. Uso ulifunguka, Mungu anisamehe, kama mlango.
"Hapana. Hata ile ya kwanza sikusikia."
Mkono ukaendelea kuchagua. "Hukusikia?"
"Nilitunga."
"Dereva?"
"Hakukuwa na dereva."
"Na samaki?"
"Nilitunga."
"Na kuchechemea?"
"Nilitunga, Maman."
"Mguu wa kushoto."
Nilikuwa nimesahau kwamba nilimpa mguu. "Ule pia."
"Na kofia? Ile ya manjano, ya kilabu ya mupira?"
"Ile pia."
"Na ile siku ulisema aliuliza kama mufereji wa shamba umezibuliwa?"
Aliendelea kuuliza, kimoja kimoja, vitu vya miaka mitatu. Nusu nilikuwa nimevisahau. Yeye hakupoteza hata kimoja. Kila nikisema "nilitunga" alitoa punje moja ya haragwe kwenye ungo akaiweka chini. Alipomaliza, aliziangalia.

"Nilizibua ule mufereji," akasema. "Peke yangu. Na mvua."
"Najua."
"Hapana jua. Toka."

Nilitoka. Mvua ilikuwa imeanza, sikukimbia.

Jumanne, 24 Aprili
Mlango wa Drocella umefungwa. Nimemweleza Maman Laurence yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nilikuwa ninamuuzia tikiti," akarudi jikoni.

Jumatano, 25 Aprili
Saa tatu Drocella amesimama mlangoni mwa sinema na mwavuli.
"Balagizi anasema kaseti mupya iko na mwisho. Nitaiona kwanza miye, mbele batu bakuje. Weye washa, halafu nyamaza."

Nikawasha. Maman Laurence aliketi naye, wameshikana mikono. Mimi nilisimama nyuma na mikro iliyozimwa, maana sijui kuangalia filamu bila kushika kitu. Kwenye gari la mwisho alijiinua kidogo kwenye kiti, kama kila mtu anavyofanya. Bwana hakushuka. Filimbi ikapigwa yote.

Alikaa mpaka michele. Kisha akauliza bila kugeuka, "Batu ba Ijumaa bamealikwa?"
"Bote," alijibu Maman Laurence.
"Bapikie. Lakini tutaondoa kilio ya Gasana."
"Hajawekewa, Drocella. Utaondoaje chenye hakijawekwa?"
"Nilikilia mwezi muzima mbele ya yule mwizi wa ndevu. Kinatosha." Ndipo alipogeuka kwangu. "Na weye utabaambia batu ku mikro. Yale uliniambia. Bila kupamba."

Ijumaa, 27 Aprili
Mvua ilikatika saa saba. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine wa zamu walikuja na vumbi la kazi usoni. Kwenye kiti kulikuwa na picha ya Gasana, ya kitambulisho, ndogo kiasi kwamba watu walilazimika kusogea karibu. Gratien alitaka kumwondoa jambazi. Drocella akamzuia: "Mwache hapo pembeni. Naye iko na batu bake."

Nikashika mikro. Nimewahi kuwasemea wafalme, majambazi, na tembo mmoja. Sauti haikutoka.

"Sauti!" wakapiga kelele nyuma. "Jenereta imekufa?"

Nikasema. Kwamba mwaka wa tisini na nane nilimwambia Maman Drocella kuwa bwana yake ameonekana Kindu, na sikuwa nimesikia kwa mtu yeyote. Kwamba hakuna anayejua Gasana yuko wapi, na mimi najua kidogo kuliko wote. Kwamba nilitunga.

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenitukana. Hilo sikulitarajia, nilikuwa nimejiandaa kupigwa mawe. Wanawake walihama tu kutoka upande wangu wa mikeka kwenda upande wake, polepole, wakibeba sahani zao, mpaka nikabaki na mkeka mzima.

Gratien ndiye aliyesema kwanza. "Na Devkar? Naye hakufa?"
"Amekufa kweli. Lakini filimbi si yake."
"Ni ya nani?"
"Jina lake siwezi kulisoma."
"Makumi ine!" akasema Balagizi, mikono kichwani. "Makumi ine ya siku, na viazi!"
Mtu akacheka, na wengine wakamfuata, kile kicheko cha kwenye kilio kinachotoka bila ruhusa. Drocella hakucheka. Alingoja iishe, akasimama, akasema jina lote: Gasana Étienne, dereva, alizaliwa Uvira, aliondoka hapa tarehe mbili Agosti na lori ya bleu. Akasema anamwachilia aende. Alivua pete, akaiweka mbele ya picha.

Tukaonyesha mwisho wa filamu. Filimbi ilipoanza vichwa vilinigeukia vyote, kwa mazoea. Nikaweka mikro chini.

Jumamosi, 28 Aprili
Sikufanya kazi.

Jumapili, 6 Mei
Nimefanya kazi. Filamu ya karate. Adui anamwambia shujaa jambo; nikafasiri: "Nimemuua mwalimu wako!" Sauti ya Gratien gizani: "Papa Kalisa, hiyo umesikia ao umetunga?"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nikajibu kweli: nimetunga. Wakapiga makofi, tukaendelea.

Jumatano, 16 Mei
Wameniuliza mara tisa. Sokoni nilisema bei ya sukari imepanda, muuzaji akaniuliza nimesikia ao nimetunga. Nadhani nitaulizwa mpaka nife, na siku hiyo watataka uthibitisho.

Jumamosi, 26 Mei
Drocella amepita mbele ya sinema mara nne juma hili. Hanisalimu. Si kwamba hanioni. Ananiona, na hanisalimu.

Jumamosi, 9 Juni
Mvua imekwisha. Mpunga umeanza kuvunwa, njia zimekauka na malori yametimua vumbi kila mahali.

Saa tano nilisikia kengele ya baiskeli. Drocella, anaisukuma ile ya Gasana, na gunia la mpunga limefungwa nyuma kwa ukanda wa mpira. Tairi la nyuma limekaa chini kwa uzito. Mbele yangu hasa, ukanda ukafyatuka, gunia likaanza kuteleza. Nilisimama. Nilikuwa na maneno kama sita hivi tayari mdomoni, yote mazuri.

"Shika hapa," akasema, na kunisukumia usukani. "Na usiseme kitu."

Alizunguka nyuma, akavuta mpira kwa meno na mikono miwili, akafunga, akafungua, akafunga tena. Ilichukua muda. Nilishika.